Kuunga Nguzo na Boriti kwa Ulimi na Tundu: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wanafunzi wa useremala hapa Mombasa, wa Likoni na wa Kisauni vilevile, ni yale yale. Ulimi umeingia tunduni lakini unacheza. Au umekataa kuingia kabisa. Au umeingia vizuri, na bado boriti imetokeza mbele ya nguzo kwa upana wa kidole. Wengi hulaumu msumeno na wengine hulaumu mbao. Kwa jinsi nilivyoziona kazi hizo, kosa huwa limekwisha kufanyika kabla msumeno haujashikwa, pale mistari inapopimwa kutoka nyuso tofauti za mti usiokuwa na nyuso mbili zinazolingana.

Mwongozo huu unashughulikia kiungo kimoja tu: ulimi, yaani ncha iliyopunguzwa unene juu ya nguzo, unaoingia katika tundu lililo chini ya boriti, na kufungwa kwa kigingi cha mti bila msumari wala gundi. Nguzo mbili na boriti moja hufanya fremu moja, na fremu mbili zikiunganishwa hutosha kibanda cha kivuli au paa la baraza. Anayekijua kiungo hiki vizuri anaweza kujenga mengi, na asiyekijua hatasaidiwa na kujua vingine kumi.

## Mbao na zana

Kwa fremu moja utahitaji nguzo mbili za inchi 4 kwa 4 (karibu milimita 100 kila upande) zenye urefu wa mita 2.4, na boriti moja ya inchi 6 kwa 4 yenye urefu wa mita 3. Usizidishe urefu huo kwa unene huo huo. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale vilipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, karibu mita 2.5 hadi 3, na kipimo hicho bado ni cha busara kwa kazi ya kwanza.

Anza na saiprasi. Mvule na mbambakofi hudumu zaidi, ila bei yake ni kubwa na ugumu wake humchosha mtu ambaye mkono wake haujazoea patasi. Chagua miti iliyonyooka, isiyo na vifundo karibu na ncha, na uangalie vichwa vyake: ukiona moyo wa mti umekaa pembeni kabisa, mti huo utajipinda unapokauka. Muuzaji awe na kibali cha mbao zake.

Zana ni hizi:

- Msumeno wa kukatia na msumeno wa kupasulia. Mmoja hautoshi, kwa sababu meno ya kukata kukingama na nyuzi za mti si meno ya kupasua kufuata nyuzi.
- Juba au patasi nene yenye upana wa milimita 32 (inchi moja na robo), pamoja na patasi pana ya kusawazishia.
- Nyundo ya mti. Nyundo ya chuma hupasua mpini wa patasi.
- Keekee ya mkono yenye kekee, yaani ncha za kutobolea, za milimita 25 na milimita 16.
- Guni ya kupimia pembe mraba, geji ya kuchorea mistari, kisu chembamba, penseli na futi ya chuma.
- Randa, kinoo, timazi na pimamaji.
- Vikalio viwili imara vya kulazia mbao, vyenye kimo cha goti au zaidi kidogo.

Mbao za vigingi zitafutwe mapema, kwa maana ni lazima ziwe kavu kabisa. Mvinje mkavu ni mgumu na hupasuka kwa unyofu, nao unapatikana kote pwani. Mabaki ya mbambakofi kutoka kwa mafundi wa milango yanafaa pia, mradi kipande kikipasuliwa kifuate mstari ulionyooka.

## Hatua ya 1: Kuzituliza mbao

Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na mti uliowekwa kivulini hapa hutulia ukiwa bado na unyevu wa takriban asilimia 14 hadi 16. Mbao zilizokaushwa bara huwa kavu kuliko hivyo, na zikiteremshwa pwani huvuta unyevu na kunenepa. Mbao mbichi hufanya kinyume chake: hunywea. Ukichonga siku ya kununua, ulimi uliokaa sawa leo utakuwa umebadilika baada ya wiki chache.

Zipange kivulini juu ya vijiti vya unene wa inchi moja ili upepo upite kila upande, na uvipake rangi vichwa vyake, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi kwenye vichwa na ndiko nyufa zinakoanzia. Kata kipande kidogo kutoka mti mmoja, kipime uzito kila wiki, na uandike. Uzito ukiacha kubadilika, mti umetulia. Msimu wa kaskazi hukausha haraka, lakini jua kali la moja kwa moja hupasua. Kwa hiyo kivuli ni cha lazima.

Si lazima nguzo na boriti ziwe kavu kabisa. Ziwe zimetulia kiasi, na vigingi viwe vikavu kuliko hizo. Miti mikubwa ikiendelea kunywea, itakibana kigingi.

## Hatua ya 2: Kunoa

Patasi butu haikati nyuzi. Huziponda, nazo huinuka na kuufanya mdomo wa tundu uwe na mbavu. Noa kwa pembe ya karibu digrii 25, kisha umalizie ukingo wenyewe kwa digrii 30. Upande wa nyuma wa patasi uwe bapa kabisa karibu na makali, kwani upande huo ndio unaoongoza patasi kufuata mstari.

Jaribu makali kwenye kichwa cha kipande cha saiprasi. Ikiwa patasi inanyoa kichwa hicho kwa kusukumwa na mkono tu, na kuacha uso laini usio na weupe wa nyuzi zilizochanika, umefanikiwa. Hewa ya bahari huleta kutu kwa usiku mmoja. Pangusa zana kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine kila jioni.

## Hatua ya 3: Kuchagua nyuso za kupimia

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ninayoomba msomaji aisome mara mbili.

Mti unaouzwa kama inchi 4 kwa 4 unaweza kuwa na milimita 97 ncha moja na 103 ncha nyingine. Ukipima katikati ya kila mti na kuchora tundu lako hapo, katikati ya nguzo na katikati ya boriti hazitakutana mahali pamoja, na tofauti yote itajitokeza usoni pa fremu. Dawa yake ni kuacha kabisa kutafuta katikati, na kupima kila kitu kutoka nyuso mbili zilizochaguliwa.

Kwa kila nguzo, chagua uso utakaoangalia nje ya kibanda, kisha uso mmoja unaopakana nao. Kwa boriti, chagua uso wa nje na uso wa juu. Hakikisha kwa guni kwamba nyuso hizo mbili zinakutana kwa pembe mraba. Kama hazikutani hivyo, zipige randa hadi zikubali. Nyuso mbili zilizobaki usizihangaikie.

Zitie alama ya penseli isiyofutika upesi, na kuanzia hapo guni na geji zisiegemezwe kwenye uso mwingine wowote. Ukimpa mwenzako akusaidie kuchora, mwonyeshe alama hizo kabla hajagusa mti.

## Hatua ya 4: Kuchora

Vipimo vya kiungo chetu ni hivi. Ulimi una unene wa milimita 32, upana wa 80 na urefu wa 75. Tundu lina unene na upana huo huo, na kina cha 80. Unene wa ulimi ni karibu theluthi moja ya mti: ukiuzidisha, kuta za tundu huwa nyembamba na kupasuka, ukiupunguza, ulimi wenyewe hukatika. Zile milimita 5 za ziada za kina huzuia ncha ya ulimi kugonga chini kabla mabega, yaani sehemu za nguzo zinazobaki kuuzunguka ulimi, hayajakaa kwenye boriti.

Kwenye nguzo. Kutoka kichwa cha juu, kilichokatwa mraba, pima milimita 75 na uzungushe mstari wa mabega pande zote nne kwa guni na kisu. Kisu hukata nyuzi za juu, na msumeno ukipita kando yake hauchani mti. Penseli haiwezi kazi hiyo. Weka geji kwenye milimita 34 na uchore kutoka uso wa nje. Kisha iweke kwenye milimita 66 na uchore tena kutoka uso ule ule. Kati ya mistari hiyo kuna milimita 32. Kwa upana, chora milimita 10 na milimita 90 kutoka uso wa pili wa kupimia.

Kwenye boriti. Acha angalau milimita 200 kutoka kichwa cha boriti hadi uso wa karibu wa nguzo, kwa kuwa tundu lililo karibu na kichwa hupasua mti kuelekea nje. Chora mahali nguzo itakapokaa, halafu tundu ndani yake: milimita 34 na 66 kutoka uso wa nje, bila kuibadilisha geji kati ya nguzo na boriti. Chora mistari ya 34 kwenye miti yote kwanza, kisha ya 66 kwenye miti yote.

Limebaki jambo moja kwenye boriti. Kimo chake nacho hakilingani, na nguzo zikiegemea uso wa chini ulio na kasoro, uso wa juu utapanda na kushuka. Kwa hiyo, kila mahali nguzo inapokaa, pima milimita 140 kutoka uso wa juu kushuka chini na uchore mstari. Sehemu yote iliyo chini ya mstari huo, kwa upana wa nguzo, itachongwa iwe kikalio bapa. Kwenye boriti yenye milimita 150 utaondoa milimita 10, na kwenye yenye 146 utaondoa 6. Vikalio vyote vya nguzo vitakuwa katika kimo kimoja.

Kazi ikiwa sahihi, ukisimamisha kichwa cha nguzo juu ya kikalio kilichochorwa, nyuso za nje zikiwa sambamba, mistari ya geji ya miti yote miwili itaungana kama mstari mmoja. Isipoungana, usikate chochote.

## Hatua ya 5: Kuchimba tundu

Lichongwe tundu kwanza, ulimi baadaye. Ulimi ni rahisi kupunguzwa ukaingia tunduni, lakini tundu likishapanuka halirudi.

Chonga kikalio kwanza: kata mistari miwili ya pembeni kwa msumeno hadi kina chake, kisha ondoa katikati kwa patasi pana, ukifanya kazi kutoka kingo zote mbili kuelekea kati ili ukingo wa mbali usichanike.

Halafu toboa matundu matatu kwa kekee ya milimita 25, vitovu vyake vikiwa milimita 14, 40 na 66 kutoka mwanzo wa tundu, na katikati ya mistari ya geji. Funga utepe kwenye kekee kuonyesha kina cha milimita 80. Simamisha guni kando ya kekee, umwombe mwenzako aangalie kutoka upande wa pili, kwani aliyeshika keekee huona mwinamo wa kulia na kushoto tu, na mwinamo wa kwenda mbele humponyoka.

Sasa juba. Anza na kuta mbili fupi, zinazokata nyuzi, huku upande bapa wa juba ukitazama ukuta na mwinamo wa makali ukitazama shimo. Usianze juu ya mstari. Acha milimita 2, shuka hadi chini, kisha rudi uchukue mstari kwa pigo la mwisho. Ukianza na kuta ndefu zinazofuata nyuzi, mti utapasuka na kupita mstari, kwa sababu hakuna kitu kilichokata nyuzi mwisho wake.

Kuta ndefu zikamilishwe kwa kusukuma patasi kwa mkono, bila nyundo. Mkono usiosukuma ukae nyuma ya makali daima. Usitumie ukingo wa tundu kuegemeza juba unapong'oa vipande, kwani ukingo huo ndio utakaoonekana baadaye.

Ingiza ubapa wa chuma wa guni ndani ya tundu na uangalie kila ukuta. Ukuta wenye kibonde kidogo katikati hauna madhara. Ukuta wenye kinundu utazuia ulimi, nawe utadhani ulimi ni mnene, uupunguze, na kiungo kitacheza. Hapo ndipo viungo vingi vilivyolegea vinapozaliwa.

## Hatua ya 6: Kukata ulimi

Kata mabega kwanza kwa msumeno wa kukatia, upande wa nje wa alama ya kisu, na usimame kabla ya kufika kwenye mstari wa geji. Bega lililokatwa kupita kiasi huidhoofisha shingo ya ulimi, na kasoro hiyo haitengenezeki.

Mashavu ya ulimi, yaani nyuso zake zinazofuata nyuzi, hukatwa kwa msumeno wa kupasulia. Fundi mzoefu huyapasua kwa patasi na nyundo, njia iliyo ya haraka sana, lakini soma nyuzi kwanza: zikielekea ndani ya ulimi, mpasuko utazifuata na kula ulimi wote. Anayeanza atumie msumeno, abakize milimita 1 nje ya mstari, kisha asawazishe kwa patasi pana akikata kukingama na nyuzi.

Tengeneza kigezo: chukua ubao mwembamba, ukate ndani yake pengo la milimita 32 kamili, na ulipitishe kwenye ulimi kutoka ncha hadi bega. Linapokwama ndipo pa kupunguza. Mwisho, punguza kingo za ncha ya ulimi kwa milimita 5 ili uingie bila kukwangua kuta.

## Hatua ya 7: Kujaribu

Laza boriti kwenye vile vikalio vya kulazia mbao, tundu likiwa ubavuni, na uingize ulimi. Uingie nusu kwa nguvu ya mikono, na nusu iliyobaki kwa mapigo mepesi ya nyundo ya mti. Ukiingia wote kwa mikono bila upinzani, umelegea. Ukidai mapigo mazito, simama. Mti huo utapasuka ukilazimishwa.

Kujua panapokwama, paka masizi au vumbi la makaa kwenye kuta za tundu, ingiza ulimi, utoe. Panapong'aa weusi ndipo panapogusa. Ondoa hapo tu, kwa unene wa karatasi.

Mafanikio yanaonekana hivi: mabega yote yamekaa na karatasi haipiti, uso wa nje wa nguzo na wa boriti ni sawa ukipitisha futi, na guni iliyowekwa kwenye kona haionyeshi mwanga. Andika namba moja kwenye ulimi na kwenye tundu lake, kwa kuwa kila ulimi sasa una tundu lake peke yake.

## Hatua ya 8: Kigingi kinachovuta

Kigingi kilichopigwa katika tundu lililonyooka hushikilia tu. Kigingi kilichopigwa katika matundu yaliyopishana kidogo huvuta mabega yakakaa na kubaki yamebana hata mti ukinywea. Ndiyo sababu sikubali gundi katika kazi hii, wala msumari, ambao katika hewa yetu ya chumvi huliwa na kutu ukiwa ndani ya mti usikoonekana.

Toa ulimi. Ziba tundu kwa kipande cha ubao ili ukuta wa ndani usichanike, kisha toboa boriti kwa kekee ya milimita 16 kutoka uso wa nje hadi wa pili, kitovu kikiwa milimita 30 kutoka kikalio, katikati ya upana wa ulimi. Rudisha ulimi hadi mabega yakae, ingiza kekee katika tundu hilo na uizungushe kidogo ili iache alama kwenye ulimi. Utoe tena.

Sasa weka alama mpya, karibu zaidi na bega: milimita 2 kwa mti mgumu, milimita 3 kwa saiprasi. Toboa hapo. Angalia mwelekeo mara mbili, kwa maana alama ikiwekwa upande wa ncha ya ulimi, kigingi kitausukuma ulimi utoke.

Pasua vigingi kwa patasi, usivichane kwa msumeno, ili nyuzi zikimbie kutoka ncha hadi ncha. Vichonge viwe na pande nane, unene wa milimita 16 na ushei, urefu wa 180, na ncha iliyochongoka taratibu kwa milimita 50 hivi. Duara kamili halihitajiki. Kona za pande nane hujibana zenyewe. Vile vijiti vya mviringo vya dukani havifai, kwani mara nyingi nyuzi zake zimekatwa mshazari, navyo hukatika ndani ya kiungo.

Piga kwa mapigo thabiti hadi sehemu yote iliyochongoka itokeze upande wa pili. Sauti hubadilika na kuwa nzito kigingi kinapouvuta ulimi. Kikikataa kabisa, kitoe na uchongoe ncha zaidi.

## Hatua ya 9: Mikono ya mshazari na kusimamisha

Ulimi hauizuii fremu kulala ubavu. Kazi hiyo ni ya mikono ya mshazari kati ya nguzo na boriti, na upepo wa kusi hautamsamehe atakayeiacha. Pima milimita 600 kwenye nguzo na 600 kwenye boriti kutoka kona: urefu wa mshazari kati ya ncha za mabega ni milimita 849. Ndimi na matundu yake huchorwa kutoka nyuso zile zile za kupimia, na mikono yote huingizwa kabla vigingi vya nguzo havijapigwa, kwa sababu baadaye haina pa kupitia.

Unganisha fremu yote ikiwa imelala. Hakikisha kona kwa kupima milimita 900 kwenye nguzo na 1200 kwenye boriti. Mshazari wake uwe 1500. Boriti kavu ya saiprasi ya kipimo hiki ina karibu kilo 20, na fremu nzima inataka watu wanne, wawili wakiinua na wawili wakizuia miguu isiteleze. Ishikilie kwa mihimili ya muda hadi timazi ikubali.

Mguu wa nguzo usifukiwe ardhini. Uweke juu ya jiwe au zege lililoinuka milimita 150, na karatasi ya lami katikati, ili maji ya masika yasipande na mchwa aonekane anapojenga njia yake.

Vigingi visikatwe mara moja. Viache na urefu wake hadi kaskazi ya kwanza ipite, mti ukiwa umenywea kiasi cha kunywea. Vigonge tena kimoja kimoja, na vile vilivyosogea uvigonge hadi vikatae. Baada ya hapo vikate kwa msumeno, ukibakiza milimita 10 nje ya uso wa boriti kila upande.